Alichokula Bosi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Leonia alifagia uwanja, akamtayarishia bibi yake maji ya kunawa, kisha akavaa sweta, kwa kuwa baridi ya kijiji chao cha Mollo haimhurumii mtu. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Alitoa kipande cha nyama ya kuku iliyokaushwa kutoka katika pakiti, akampa Bosi, mbwa wake wa rangi ya kahawia.

Pakiti hizo zilitoka Dar es Salaam. Baba yake, Adriano, alikuwa huko akitunza mbwa wa tajiri mmoja, na kila mwezi alituma pakiti moja kubwa kwa basi. Simu alipiga kwa nadra. Lakini juu ya kila pakiti aliandika kwa mkono wake: "Kwa Bosi na Leonia."

Mama yake Leonia alikwisha kufariki, na bibi yake, Silvana, alishinda shambani. Jioni nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia panya wakitembea darini. Bibi alikuwa ameagiza mbwa apewe kipande kimoja tu kwa siku. Hata hivyo, kila upweke ulipomzidi, Leonia alitoa kingine. Bosi alikula, naye Leonia akahisi kana kwamba baba yake amebisha hodi. Siku nyingine vipande vilifika kumi.

Baada ya miezi mitatu Bosi alibadilika. Alikunywa maji bila kukata kiu, akakojoa kila mara, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Jumamosi moja bibi aliinama pale Bosi alipokojoa.

"Leonia, njoo uone. Sisimizi wamejaa hapa."

"Wamefuata nini, bibi?"

"Sukari. Babu yako alipougua kisukari, ndivyo tulivyojua. Mfunge kamba, twende mjini."

Njiani walikutana na Tadei, aliyesoma darasa moja na Leonia. "Huyo ni mbwa au ni fremu ya baiskeli?" akauliza. Leonia alivuta kamba ya Bosi, akampita.

Daktari wa mifugo, Isdori, alipima tone la damu ya Bosi, kisha akachovya kijikaratasi cha kupimia katika mkojo wake. Akakunja uso.

"Mkojo una sukari, lakini sukari ya damu ni ya kawaida. Hiki si kisukari. Figo zake zinavujisha sukari. Anakula nini?"

"Ugali na dagaa," Leonia akajibu upesi.

"Na kipande kimoja cha kuku mkavu wa dukani, asubuhi," bibi akaongeza.

"Kimoja tu? Una hakika, binti?"

"Ndiyo, daktari. Kimoja."

"Basi nitamtibu kama mwenye maambukizi ya figo. Nikikosea, dawa itapita bure, na figo zitaendelea kuharibika."

Akaanza kuvuta dawa katika sindano. Bosi alilala juu ya meza, kichwa chake katika kiganja cha Leonia. Kusema kweli kungekomesha pakiti, na Leonia hakuwa na kitu kingine kutoka kwa baba yake. Kunyamaza kungemwua Bosi.

"Daktari, subiri," akasema kwa sauti ndogo. "Si kimoja. Hufika kumi."

Daktari aliweka sindano chini. "Mbona ulificha?"

"Mngenikataza. Na baba hana kingine anachonitumia."

Bibi Silvana aliinamisha kichwa.

"Katika nchi kadhaa," daktari akaeleza, "mbwa wameugua hivihivi baada ya kulishwa sana vitafunwa vya nyama iliyokaushwa. Wataalamu hawajajua kwa hakika ni kitu gani ndani yake kinachodhuru. Wengi hupona vikikomeshwa mapema. Mpe maji tele na chakula cha kawaida, umlete kila wiki."

"Atapona?"

"Siwezi kukuahidi. Tumwombe Mungu, nasi tufanye sehemu yetu."

Wiki ya kwanza Bosi aligoma kula, na Leonia alikaa karibu naye bila chochote mkononi. Wiki ya pili alilamba uji. Wiki ya nane kijikaratasi hakikuonyesha sukari tena.

"Mnyama hawezi kusema alichokula," daktari alimwambia Leonia siku hiyo. "Anayemlisha ndiye msemaji wake. Msemaji akidanganya, sisi hutibu ugonjwa usiokuwepo."

Walipokuwa wakirudi Mollo, bibi alimshika Leonia mkono.

"Nimezungumza na baba yako," akasema. "Pakiti zimekwisha. Atapiga simu kila Jumapili. Akisahau, nitampigia mimi. Wewe ulikosa kwa kusema uongo, mjukuu wangu, na uongo huo ulikaribia kumwua asiyeweza kujitetea. Mimi nami nilikosa, kwa kuwa sikukuuliza jioni zako zinapitaje. Kuanzia leo, ukielemewa, usiufiche moyo wako. Njoo shambani uniambie. Nitaweka jembe chini nikusikilize."