Habari za Eliezeri

Kiti cha pembeni kilikuwa kimelowa. Hedwiga alikifuta asubuhi, akakifuta tena saa nne, na sasa wageni wakiwa njiani alikikuta kimelowa kwa mara ya tatu, mto wake una uvuguvugu kama vile mtu mwenye nguo mbichi ameinuka hapo muda huo huo. Akainama kunusa, akarudi nyuma na kiganja puani.

"Baba Tumainieli, hebu njoo. Kuna paka anayeingia humu?"

Mumewe, Mwalimu Anaeli, akaja akanusa. Haikuwa harufu ya paka. Ilikuwa ya choo, ila ndani yake mlikuwa na utamu wa papai lililooza.

"Kitoe nje kipigwe jua," alisema.

Hedwiga akakiweka uani. Alipopita tena na sufuria ya makande, kiti kilikuwa cheusi kwa nzi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Aprili, mwaka wa hamsini na tisa. Kila likizo kama hiyo, wanaume watatu wa Upare waliosoma pamoja kule Uganda, katika chuo ambacho siku hizi kilikuwa chuo kikuu, walikutana nyumbani kwa mmoja wao. Anaeli alikuwa mwalimu mkuu hapo Same. Hezroni alikuwa bwana shamba, mnene, mcheshi, mwenye gari lake. Gideoni alikuwa karani wa mahakama, mtu mkimya aliyepiga suti hata kwenye joto la tambarare. Walikuwa wamemaliza chuo miaka ishirini na mitano iliyopita, na nywele zao zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

Desturi yao haikubadilika. Walikula, kisha kila mmoja akasimama na kutoa habari zake za mwaka mzima, kama walivyozoea kusimama ukumbini chuoni. Hezroni alitangulia: goti linamsumbua, kijana wake wa pili amepata kazi Nairobi, amemzika shemeji. Anaeli akafuata: meno mawili yameng'oka, Tumainieli ameoa, shule imepata bati jipya. Walipigiana makofi. Wakakumbushana uji wa chuoni, na yule mwalimu Mwingereza aliyelala akifundisha.

Kisha, kama ilivyokuwa kila mwaka, Hezroni akashusha sauti.

"Na tumkumbuke ndugu yetu Eliezeri, aliyetutoka safarini tukirudi nyumbani. Bado namwona kwenye kile kitanda cha hospitali kule Voi. Amenishika mkono huu. Anaeli umemshika huo mwingine. Gideoni unamwimbia, naye anaitikia, mpaka sauti ikakatika. Alikufa kifo kizuri."

"Kizuri sana," Anaeli akasema. Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata wakati mwingine alikiona kile kitanda.

"Haya, Gideoni, zamu yako," Hezroni akasema.

Gideoni akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akafungua mdomo, na harufu ile ya kiti ikatoka humo.

"Wenzangu," alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana, nyembamba, yenye lafudhi ya watu wa Bombo, milimani Upare. "Nami nitoe habari zangu. Miaka ishirini na mitano hamjaniuliza."

Kijiko kilimponyoka Anaeli. Aliijua sauti ile.

"Mimi sijaoa," sauti iliendelea kwa adabu. "Sina mtoto. Sikupata kazi. Nilikaa pale pale mliponiacha, na nzi walikuja kabla sijafa, wakaanzia machoni kwa sababu mikono ilikuwa imechoka kuwafukuza, na treni ilipofika Tanga wafagiaji walinikuta nimegandana na sakafu, wakanibandua kwa koleo, wakanikunja ndani ya turubai wakanizika hivyo hivyo bila kuniosha, bila jina, na uchafu wangu ukakauka juu yangu, na mvua ikinyesha unalowa, na jua likiwaka unakauka tena, na ndani yake mna vitu vinavyotembea, wenzangu, vinatembea mpaka leo, vinaingia vinatoka, nami sina mkono wa kuvitoa."

Suruali ya Gideoni ilikuwa imeanza kulowa. Doa jeusi liliteremka mpaka kwenye viatu, likatanda sakafuni, jembamba, lenye damu na makamasi, na nzi wa uani wakaingia kwa dirisha kama moshi. Hedwiga alipiga yowe. Gideoni akaanguka chali, akatetemeka, na kwenye pembe za mdomo wake palitoka kitu cheupe kilichojikunja na kujikunjua.

Hezroni alitoa kitambaa mfukoni akajiziba pua. Anaeli alimwona, na kilichomkera hakikuwa harufu ile, bali jinsi mkono ule ulivyopanda puani upesi, kama siku ile.

"Hezroni, nisaidie kumwinua."

"Siwezi, bwana. Siwezi." Hezroni alikuwa tayari mlangoni. Wakamsikia akitapika ukutani, kisha gari likanguruma, likaondoka.

Hedwiga alikimbia nyuma ya soko kumwita Bi Saada, mjane wa fundi wa reli, mtu wa Pangani, aliyesifika kwa kushughulikia wenye mashetani. Waluteri wa Same walimwendea kwa siri, na sasa mke wa mwalimu mkuu alimshika mkono akapita naye barabarani mchana kweupe.

Bi Saada akasimama kizingitini. Hakufukiza ubani. Alitazama tu.

"Huyu si jini," alisema polepole. "Huyu ni mtu. Mwalimu, mlimfanya nini?"

"Alikufa hospitali, Bi Saada. Tulikuwa naye. Tulimshika mik—"

Gideoni akajipinda akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kina mabonge, na kiliruka mpaka kwenye magoti ya Anaeli, vuguvugu.

"Umeona?" Bi Saada alinong'ona. "Uongo huo ndio anaolishwa kila mwaka. Sema tena, mwalimu. Sema vizuri."

Anaeli alitazama magoti yake. Hedwiga alikuwa akimtazama yeye. Kwa miaka yote ya ndoa yao mke huyu alikuwa ameisikia hadithi ya kitanda cha Voi, na mara nyingine alikuwa ameilia.

"Alishikwa na kuhara damu tulipotoka Nairobi," alisema. "Hapakuwa na hospitali. Kahe tulipobadili treni tulimpakia peke yake, behewa la nyuma, maana alikuwa ananuka. Tulikuwa na suti mpya. Tulikuwa tunarudi nyumbani wasomi, watu wote wamekuja kutupokea, na yeye amejiharia mpaka shingoni. Tukafunga mlango kwa nje. Tuliposhuka hapa Same alikuwa hai. Tulimsikia anagonga ukuta. Tukawaambia watu kwamba tumemzika Voi."

Hedwiga alikwenda jikoni, akarudi na karai la maji na sabuni ya mche, akaviweka mbele ya mumewe kwa kishindo.

"Hivyo ndivyo," Bi Saada akasema. "Mimi simgusi, si maiti yangu. Mwoshe. Kwa mikono, usitumie kitambaa. Na ukijiziba pua, ataondoka na mwenzako."

Anaeli akapiga magoti. Alimvua Gideoni koti, akamvua shati, na chini ya shati hapakuwa na ngozi aliyoitazamia, palikuwa na ukoko, mgumu kama tope la ng'ombe ukutani, na alipoumwagia maji ukalainika ukawa uji, na uji ule ukampita katikati ya vidole, ukaingia chini ya kucha, na kila alipodhani amefika kwenye ngozi alikuta tabaka jingine, na ndani ya tabaka wale weupe, wanene, wakipasuka chini ya viganja vyake, na machozi na makamasi vikimtiririka akashindwa kuvifuta kwa kuwa mikono yenyewe ilikuwa imejaa uchafu, akatapika pembeni, akaendelea kuosha, akatapika tena, akaendelea, na Hedwiga akimletea maji karai baada ya karai bila kumtazama usoni.

"Na nyuma ya masikio," sauti ya kijana ikasema, ndogo, yenye usingizi. "Hapo hapo. Asante, Anaeli."

Karai la kumi na moja lilitoka na maji safi. Nzi walikuwa wameondoka. Gideoni alifumbua macho, akajiona uchi sakafuni, mbele ya wanawake wawili.

"Nimeshatoa habari zangu?" aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

Hedwiga akamtupia kanga.

Jumatatu Anaeli alipanda Bombo. Lori lilimfikisha nusu ya njia, iliyobaki akaenda kwa miguu, akikwea kati ya migomba, akijua anachokwenda kusema na kwa nani. Mama yake Eliezeri, Bibi Dina, alikuwa bado hai. Kila mwaka wale watatu walimpelekea sukari na kanga, na kila mwaka walimsimulia ule wimbo wa hospitali.

Alimkuta ameketi mlangoni, mikono imelala mapajani, vidole vimekakamaa kama mizizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Anaeli hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama: behewa, mlango, ukuta uliogongwa. Alipomaliza alingoja alaaniwe. Bibi kizee aliinua tu uso.

"Nilijua," alisema. "Alikuja mwenyewe kuniambia, wiki ile ile mliyokuja na rambirambi zenu. Alikuja amechafuka. Nikamwosha, nikamlaza. Asubuhi hayupo. Mwaka uliofuata, mwezi kama huu, akaja tena, amechafuka vile vile. Nimemwosha miaka ishirini na minne."

Anaeli akauliza, "Na mwaka huu?"

"Mwaka huu mikono imekufa, unaiona. Nikamwambia, nenda kwa wenzako, mlikuwa wanne. Mlimwosha wangapi?"

"Peke yangu, mama. Gideoni ndiye aliyeingiwa naye. Hezroni alikimbia."

"Basi huyo Hezroni awe na maji nyumbani kwake," alisema, bila hasira.

"Lakini sasa ametakata, mama. Maji ya mwisho yalikuwa safi. Niliyaona."

Bibi Dina alimtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mtoto.

"Huwa safi kila mara," alisema. "Mwakani yapashe moto kwanza. Ya baridi yanamliza."