Sweta Kubwa ya Mukonyo

Mwezi wa sita Kitengela, baridi haikuulizi kama uko tayari. Upepo inatoka huko mbugani, inapita chini ya mabati, inakuja kukaa na wewe mezani kama mgeni. Na mwaka wa 2003 ilizidi. Soila, yule mama wa kuuza maziwa, alikuwa anafika asubuhi na shuka mbili, moja juu ya ingine, na mtungi wa maziwa ameufunga kitambaa kama mtoto mchanga.

"Supa," anasalimia mlangoni kwa Kimaasai.

"Ipa," Makena anamjibu, na yeye ni Mmeru wa Timau. Ukikaa Kitengela unajua salamu za kila mtu.

Makena alikuwa anaishi hapo kwa ploti ya nyumba za kupanga na bwana yake, Ndeti, ambaye alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River. Mama ya Ndeti pia alikuwa hapo. Anaitwa Mukonyo. Alitoka Makueni baada ya bwana yake kufariki. Mchana kutwa alikuwa anasuka kiondo, kile kikapu cha mkonge, mikono inaenda hata wakati anapiga stori. Mkonge yake alikuwa anaitia rangi mwenyewe, nyekundu kabisa, zambarau kabisa. Vyondo zake ukiziona mbali unajua ni zake.

Mukonyo alikuwa mama mkubwa. Mkubwa wa roho, mkubwa wa mwili. Sokoni hakuna sweta ya mtumba ilikuwa inakubali kufunga hapo mbele. Kijana mmoja wa mtumba alimwambia, "Mama, hii ukivaa itageuka sidiria." Mukonyo alicheka kumshinda. Lakini alirudi nyumbani na leso tu mabegani, na akaikaza.

Sasa, Ndeti na Makena walikuwa wanaishi pamoja lakini Ndeti hajapeleka mbuzi za mahari kwa wakwe. Watu wa kanisa walianza kuuliza. Basi siku ikapangwa. Mwezi wa nane watu wa Ndeti watapanda Timau, na Mukonyo ndiye ataongoza. Yeye na Keziah, mama ya Makena, walikuwa hawajaonana hata siku moja.

Halafu gunia ikafika, imeletwa na lori ya viazi kutoka Timau. Ndani kulikuwa na sufu, yaani uzi ya manyoya ya kondoo. Nyeupe, nzito, laini. Keziah aliisokota na mikono yake, kutoka kwa kondoo zake mwenyewe. Dereva alipewa maneno ya kusema: "Mwambie mama ya Ndeti huku kwetu baridi ni ya kweli. Afumiwe sweta inayomtosha. Nataka nimuone akishuka kwa gari akiwa ameivaa."

Mukonyo alishika hiyo uzi akaiweka shavuni. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumfikiria mwili yake hivyo, na mtu mwenyewe hajamuona.

"Lazima nifike nayo," akasema. "Nikishuka bila hii, ni kama huyo mama amenisalimia na nimekataa mkono."

Lakini nyeupe yote alikataa. Alisema akivaa nyeupe kutoka shingo mpaka magoti ataonekana kama tenki ya maji, ndege zitakuja kunywa. Alitaka rangi nyingi, mistari kama ya kiondo.

"Nitaitia rangi mimi," akamwambia Makena. "Rangi nimeanza kutia kabla wewe hujazaliwa."

Hiyo ni kweli. Shida ni kwamba alikuwa ametia rangi mkonge, sio sufu.

Aliweka sufuria kubwa kwa jiko. Maji ikatokota, inaruka mpaka nje. Akamwaga rangi ya unga, ile ya mkonge. Akaongeza magadi, ile tunatumia kulainisha githeri ya mahindi na maharagwe, kwa sababu alisema kama inalainisha mahindi, itashindwa na uzi? Kisha akatupa karibu nusu ya sufu ndani na akaipiga na mwiko.

Makena alikuwa amesimama hapo mlangoni. Kwao Timau alikuwa anaona mama yake akiosha sufu na maji ya vuguvugu, polepole. Roho ilimwambia aseme. Lakini ukiwa umeolewa, utamfunza mama ya bwana yako kazi ya mikono yake?

Mukonyo akatoa sufu kwa moto, mara moja akaizamisha kwa beseni ya maji baridi. Akaikamua kwa nguvu kama mopu.

Ilikuwa imekufa. Uzi zilikuwa zimeshikana zote, zimekuwa ngumu na ndogo, kama mkeka umekanyagwa na ng'ombe. Hata kutafuta mwisho wa uzi hungeweza. Na rangi nayo haikukaa. Maji ya beseni iligeuka nyekundu, uzi ikabaki na madoa madoa.

Mukonyo aliingia chumbani. Jioni Ndeti alipotoka kazi alipata chakula haijaguswa.

"Mathe, si tutafute jaketi tu?" Ndeti akamwambia. "Hiyo maneno ni ndogo."

"Timau mtaenda bila mimi," mama yake akajibu. "Semeni niko mgonjwa."

Asubuhi Makena alitoka kuanika ile kitu kwa kamba, sijui akitumaini nini. Jirani wa mlango wa pili alikuwa anafua. Anaitwa Nalianya. Kabla ya kuja Kitengela alikuwa amefanya kazi kwa karakana ya kufuma mazulia ya sufu, huko Nanyuki. Aliweka nguo chini, akaja akaguza.

"Hii mlichemsha," akasema.

"Tulichemsha."

"Na magadi?"

Makena akaangalia chini. Nalianya hakucheka. Akasema aitiwe shosho, yule mama mzee.

Mukonyo alitoka amejifunga leso, uso imekunjamana. Nalianya akamsalimia vizuri, akamuuliza jambo moja.

"Shosho, mkonge inatoka wapi?"

"Kwa shamba. Ni majani."

"Na sufu?"

"Kwa kondoo."

"Basi sufu ni nywele. Wewe ungekubali nikuoshe kichwa na maji inatokota, niweke magadi, halafu nikumwagie ya baridi, nikusugue na mwiko?"

Mukonyo alimwangalia. Mdomo ilitaka kukataa lakini mabega ilianza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ningekuwa kipara," akasema.

"Ungekuwa kipara. Sasa lete ile nyeupe imebaki tufanye polepole."

Nalianya alianza na maji. Alikataa ya borehole, yaani ya kisima kirefu, kwa sababu ya Kitengela iko na chumvi, inaharibu rangi. Alitumia ya mvua, ile alikuwa amekinga kwa pipa mwezi wa tano. Akaambia Makena aloweke sufu kwa maji ya vuguvugu mpaka ilowe ndani na nje, bila kuisugua.

Halafu akatoa shabu. Hiyo ni ile jiwe nyeupe kinyozi hukupaka ukikatwa na wembe. Duka nyingi ziko nayo. Aliisaga, akapima kijiko moja ya chakula kwa kila kifungu ya uzi, akakoroga kwa maji ya vuguvugu mpaka ikayeyuka.

"Kazi ya shabu ni gani?" Makena akauliza.

"Inashikanisha. Rangi kama kitunguu haina mikono ya kushika nywele. Shabu ndio mikono yake. Lakini usizidishe, uzi itakuwa ya kunata."

Sufu ikaingia, ndio moto ikawashwa. Hapo ndio Mukonyo alikuwa anapata shida. Kila saa alikuwa anaongeza makaa, Nalianya anatoa. Mwishowe Nalianya akamuuliza huwa anapasha maziwa ya mtoto namna gani.

"Inapata moto, inatoa mvuke, lakini siachi ipande."

"Basi na hii ni hivyo. Isipande."

Walikaa nayo karibu saa nzima kwa moto ya chini. Kisha wakaepua na wakaiacha ndani ya sufuria ipoe yenyewe. Hakuna kutoa kwa moto na kutia kwa baridi. Hiyo ndio iliua ile ingine.

Na rangi sasa. Wewe ungedhani ni kitu ya dukani. Walichukua maganda ya vitunguu kwa mama wa kibanda, amejaza gunia anatafuta pa kutupa. Wakayachemsha peke yake, kwa nguvu, kwa sababu maganda hayaogopi moto. Wakachuja, wakangoja maji ipoe, ndio wakaingiza uzi na kupasha polepole tena. Ikatoka manjano ya kung'aa kama asali. Majani ya mkaratusi ikatoa rangi ya matofali. Mbegu za avokado zikatoa waridi ya chini chini. Sehemu ya ile ya vitunguu wakairudisha kwa maji yake na misumari za kutu, ikageuka kijani ya majani makavu. Mukonyo aliona hiyo akaketi chini.

"Misumari," akasema. "Miaka yote natupa misumari."

Nalianya akamwambia sufuria hiyo isirudi kupika chakula tena. Iwe ya rangi mpaka izeeke.

Wakaosha uzi kwa maji yenye joto sawa na ile ya sufuria, wakaifinya pole bila kukamua, wakaianika kwa kivuli. Ilipokauka, Makena alilowesha kipande, akakifinyia kwa kitambaa nyeupe. Kitambaa ikabaki nyeupe.

Lakini walipopima, uzi haikutosha. Kwa mwili ya Mukonyo, ungetoa mbele na mgongo, mikono ikose. Ndeti akasema afumiwe kizibao. Mukonyo alinyoosha mkono.

"Leta hiyo simu."

Ndeti alikuwa na simu mpya, kwanza iko na mchezo ya nyoka, na hakuwa anaiachilia hata akilala. Akaitoa kama mtu anatoa figo. Timau, Keziah hakuwa na simu, kwa hivyo walipigia duka ya karibu na kwao, wakaomba aitwe, wakakata, wakangoja, wakapiga tena. Makena alikuwa amekaa kwa ukingo ya kiti. Alijua mama yake. Alijua pia hiyo sufu ilichukua msimu mzima kusokotwa.

Mukonyo akashika simu na mikono mbili.

"Mama Makena, ni mimi, Mukonyo. Uzi yako nimeichemsha kama maharagwe."

Ndeti akaangalia saa, akihesabu salio.

Kisha Keziah akauliza, "Iliiva?"

"Iliiva mpaka ikawa ngumu."

Wakaanza kucheka wote wawili, hawajui sura, hawajui lugha ya nyumbani ya mwenzake, wanacheka mpaka Ndeti alikuwa anaomba Mungu salio isiishe. Keziah akasema kondoo hazijafika wakati ya kukatwa manyoya. Imebaki sufu kidogo tu, ya kondoo mmoja mweusi ameota mvi, na hiyo ikiisha hana ingine. Atatuma hiyo.

Ikakuja, ya kijivu kama mawingu. Hiyo hawakuitia rangi.

Kabla ya kuanza sweta, Makena alifuma kipande kidogo cha kujaribu, akapima. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli, nyembamba sana kwa uzi nzito. Ndeti akachonga fimbo mbili za mti, akazisugua na msasa mpaka zikateleza. Sindano nene inafuma macho makubwa, uzi inaenda mbali na sweta inakuwa nyepesi. Makena akapima kifua ya Mukonyo na kamba, akaongezea viganja mbili, ndio mtu apumue, ndio hata leso iingie ndani. Mukonyo alikuwa anapanga mistari: asali, matofali, kijivu, waridi, kijani, kisha asali tena. Akikosana na mstari anaamuru ifumuliwe. Makena sasa alikuwa anamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, hapo umekosea," na Mukonyo anaangalia, anasema, "Kweli."

Wakafika Timau siku ya ukungu na manyunyu. Mlima ya juu ya Timau hata hukuona. Mlango wa gari ukafunguka, na Mukonyo akashuka polepole, sweta imefika magoti, mikono imekunjwa mara mbili, mistari yote inawaka kwa ile kijivu ya asubuhi. Watoto waliacha kucheza.

Keziah alikuwa mama mdogo, mwembamba, amejifunga kitambaa nyeupe kichwani. Alikuja mbio akapotea ndani ya hiyo sweta. Walikumbatiana kwa manyunyu muda mrefu. Makena macho yake ilikuwa kwa hicho kitambaa. Walipoachana, ilikuwa imelowa, na bado nyeupe kabisa.

Keziah akashika ukingo wa sweta, akaigeuza aone ndani. Akapitisha kidole kwa ile ya asali.

"Mimi tangu niolewe nafuma nyeupe na nyeusi," akasema. "Hii ulitoa wapi?"

"Maganda ya kitunguu."

"Mama Ndeti, usinidanganye mbele ya wageni."

Mukonyo akakunja mikono ya sweta mara ya tatu. "Uko na sufuria ya zamani, ile hutapikia tena?"

Wazee walikaa ndani wakazungumza maneno ya mbuzi. Wakaomba. Wakamaliza kuomba. Ikafika wakati mama wa pande zote wanatakiwa, na hakuna mama. Wakatuma Ndeti. Akawapata nyuma ya jikoni, kuni inafuka, sufuria juu, ndani uzi nyeupe imefumuliwa kwa sweta ya zamani ya Keziah. Keziah alikuwa ameinama kutia kuni, na Mukonyo amemshika mkono.

"Toa hiyo moja," alikuwa anamwambia. "Toa na hiyo ingine. Sisi hatupiki."

Ndeti akarudi ndani akaambia wazee wangoje kidogo.