Tofali Lisiloonja Moto

Mume wangu ni mchoma matofali. Watu wanamwita Tanuri, naye anafurahi. Akirudi jioni, moshi huingia kwanza, yeye hufuata. Nguo zake nazifua mbali na zetu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ule ufa wa chumba cha mama yake tuliuona, tukaufunika kwa kabati. Mvua ikaja, ukuta ukalala chini. Tangu hapo mama mkwe analala jikoni, karibu na gunia la mkaa. Halalamiki, anakohoa tu.

"Mama, nitakujengea kabla ya mvua nyingine," mume wangu alimwambia.

"Kwa kuni zipi, mwanangu?"

Aligeuza macho nyuma ya nyumba. Kilima cha nyuma kilikuwa na miti. Sasa kina visiki, na tanuri halichomi kwa visiki.

Jirani yetu ni mhandisi wa ujenzi, dada mcheshi asiyevaa viatu visivyo na tope. Siku moja alitujia na mashine ya chuma yenye mkono mrefu.

"Baba, tujenge kwa udongo wa hapa uani," alisema. "Bila kuchoma."

Mume wangu alicheka akashika mbavu. "Binti, tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Hata kuku wangu wanajua."

"Hili tunalitia saruji kidogo, halafu tunalishindilia. Tujaribu, baba."

Tuliondoa udongo wa juu wenye mizizi. Tukachimba ule wa chini wenye mchanga, tukauchekecha, tukachanganya na saruji na maji kidogo. Mhandisi alifinya donge, akaliangusha. Likapasuka vipande vichache.

"Maji yametosha," alisema. "Likitawanyika kama unga, ongeza. Likibaki tope, yamezidi."

Akajaza mashine, akavuta mkono wake. Tofali likatoka limenyooka kama limepigwa pasi. Juu lina vinundu, chini lina vishimo, ili moja likae ndani ya jingine. Nilishika mdomo kwa mshangao.

"Yapangeni kivulini," mhandisi alituagiza. "Yafunikeni, myanyunyizie maji majuma mawili." Kisha akasafiri kikazi.

Lakini mchoma matofali ni mchoma matofali. Tangu utotoni anajua tofali bichi huanikwa. Kulimwagia maji ni wazimu. Mhandisi alipopinda kona tu, mume wangu akayatoa yote juani.

"Si tumeambiwa kivulini?" nilimuuliza.

"Nilianza kufyatua matofali huyo binti hajazaliwa."

Mhandisi aliporudi, mume wangu alipitisha kiganja juu ya tofali moja, kama anavyopima kazi yake siku zote. Kiganja kikajaa vumbi. Pembe ya tofali ikamomonyoka. Jikoni, mama alikohoa.

"Baba, udongo hukauka, lakini saruji hukomaa," mhandisi alisema taratibu. "Ili ikomae inataka maji. Jua limeinyang'anya maji kabla haijashika."

"Kumbe nimeyaua mwenyewe."

"Mazoea yana taabu, baba. Tuanze upya."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Tulianza upya. Safari hii mume wangu aliyanywesha mwenyewe, asubuhi na jioni, akiyasemesha: "Kunyweni, kunyweni." Mimi mkewe sijawahi kuletewa hata kikombe cha maji!

Yalipokomaa, mhandisi alitumbukiza moja ndani ya ndoo ya maji. "Lilale humo," alisema.

Asubuhi mume wangu aliiendea ndoo kabla ya kunawa uso. Maji yalikuwa maangavu. Alilitoa tofali zima, pembe zote zipo. Akaligonga kwa jingine, likalia kama chuma. Akampa mama yake.

"Huu si udongo ninaoufagia kila siku?" mama mkwe aliuliza.

"Ndio huo, mama."

"Bila moto?"

"Bila moto."

Mama mkwe aliutazama uwanja wote kama mtu aliyefika ugenini. "Miaka yote hii nimekanyaga nyumba," alisema.

Ukuta tuliuinua juu ya msingi wa mawe, maji ya chini yasipande. Paa tulilitokeza nje, mvua isiupige. Mama alihamia, na kikohozi kikaanza kupungua.

Kisha mvua ikaja, ile ya kupiga mabati msisikilizane. Mume wangu alitoka mbio. Nilimwona akipitisha kiganja ukutani, juu mpaka chini. Akakitazama. Akarudia upande mwingine, akakitazama tena. Hakikuwa na tope.

Dirisha likafunguliwa. "Mwanangu, ingia ndani," mama yake aliita. "Ukuta hauyeyuki, utayeyuka wewe!"

Hakuingia. Alisimama pale mvuani na mkono wake safi, anacheka na kulia.