Vifaranga wa Chumba cha Mama

Ndeshi, rafiki yangu wa Akheri, halipendi swali la kwa nini hafugi kuku.

Julai iliyopita, mama yake akitetemeka kitandani, kaka yake Arnold alimwondolea jiko la mkaa akawapelekea vifaranga. "Wewe si una mablanketi, mama?" Mama hakufika Agosti. Arnold akakigeuza chumba cha marehemu banda la kuku.

Julai hii akapiga simu kutoka mjini. "Umeme umekata huko. Wapelekee jiko, watakufa na baridi."

"Hao unawaonea huruma," Ndeshi alijibu, akakata simu. Lakini jiko alilibeba.

Vifaranga wakipata baridi hulia nyumba nzima isikie. Hawa walikuwa kimya. Ndani kulikuwa na giza. Akamulika kwa simu. Chini ya taa ya joto iliyozimika hakukuwa na hata mmoja. Wote walikuwa pembeni, wamesinzia, wamekizunguka kigoda kitupu cha mama. Ndeshi alinyoosha mkono. Kabla hajagusa kitu, joto likampiga kiganjani.

Akalisukuma jiko karibu. Kabla halijakigusa, kigoda kikakwaruza sakafu, kikarudi nyuma chenyewe, na vifaranga wote wakakifuata.