Besi Kutoka Area 25

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gitaa la besi alilolifuata Adolphe jioni ile lilikuwa zuri, tena zuri sana, na bado lilikuwa limetembezwa mtaa mzima wa Area 25, jijini Lilongwe, bila kupata mnunuzi. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili zake. Lakini mwanamuziki asiye na chombo chake mwenyewe hana akili, ana kiu tu.

Adolphe, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, alikuwa mpiga besi wa kwaya moja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Miaka yote alipiga besi ya kuazima, iliyorudishwa kwa mwenyewe kila ibada ilipokwisha, na kila mara aliirudisha kwa uchungu. Basi aliposikia kuwa kuna mama Mrundi Lilongwe anauza besi kwa bei ya mbuzi mmoja, hakuuliza kwa nini. Alishuka basi Kanengo jua likizama, harufu ya tumbaku imetanda barabarani, akatembea mpaka kwenye nyumba yenye geti la bati.

"Odi!" akaita, kama wanavyobisha Wamalawi.

Kimya.

"Hodi jamani! Mi ni Adolphe, Adolphe wa Dzaleka. Nimekuja juu ya ile besi."

Mlango ukafunguka. Hakusikia hatua wala kitasa. Mwanamke alikuwa amesimama pale, kidole mdomoni, na macho yake hayakumtazama mgeni. Yalitazama nyuma, kwenye kona ya sebule, ambako kitu kirefu kilikuwa kimefungwa kwa kitenge.

Ndani ya kile kitenge uzi mmoja ulikuwa ukilia. Polepole... kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Jina lako ungeliacha inje," mwanamke akanong'ona.

Aliitwa Nahimana, akiishi pale na dada yake. Alipotaka dada huyo amletee mgeni kiti, hakumwita, ingawa alikuwa chumba cha pili tu. Aliinuka, akaenda, akamgusa bega. Dada akaja akikiburuta kiti cha chuma juu ya sakafu ya saruji.

Kiti hakikutoa sauti.

Adolphe aliliona hilo, akajifanya hakuliona. Moyoni alisema: mali ya wizi hii, ndiyo maana wananong'ona.

"Hii besi ni ya nani?" akauliza.

"Ya bwana yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Hayuko."

Alikuwa amejiandaa kubishana bei, lakini Nahimana aliishusha mwenyewe, kutoka mbuzi hadi kuku wawili, huku akimsukumia mzigo kifuani. Mlangoni akamshika mkono.

"Uipige na mashini ya sauti, kaka. Bila mashini, usiiwekee sikio."

"Juu ya nini?"

"Zikomo," akasema Nahimana, asante ya Wamalawi, akafunga mlango.

* * *

Hapo ndipo ufukara unapomponza mtu. Gitaa la umeme bila mashini ya sauti ni bubu. Ukilipiga, unasikia vidole vyako tu. Na mashini ya kanisa ilifungiwa kanisani, ikitolewa siku za mazoezi na ibada. Wapiga besi wa kambini wana dawa yao: unaegemeza taya kwenye pembe ya gitaa, mbao juu ya mfupa, na sauti inapanda kupitia meno mpaka ndani ya kichwa. Jirani hasikii kitu, wewe unasikia kila kitu. Adolphe alijifunza besi kwa njia hiyo, na njia nyingine hakuwa nayo. Kuhusu maneno ya Nahimana, alijiambia kuwa taya si sikio.

Mkewe Rosalie alikuwa fundi cherehani. Alishonea mbele ya nyumba, pini zimejipanga midomoni, na akiwa na pini hujibu kwa nyusi tu. Akizitoa, huimba. Kwaya nzima ilisimama juu ya sauti yake, na Adolphe alimpendea sauti hiyo kabla hajamwona sura. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Wenzao waliitana Mama fulani na Baba fulani, majina yao wenyewe yakapumzika. Wao wawili waliitana Adolphe na Rosalie, kutwa mara nyingi, na majirani wakawatania.

Siku ya kwanza aliweka taya, akapiga wimbo wa Jumapili. Chini ya noti zake akasikia noti nyingine. Mtu alikuwa akipiga naye, kwa ustadi kuliko yeye, akimtangulia kidogo kama anayemwonyesha njia. Angeliacha hapo hapo. Badala yake alimfuata.

Baada ya majuma machache kwaya ilikuwa haiamini masikio yake. Sebene ilipofika, pale magitaa yanapochezesha watu, wazee waliacha viti. Cishahayo, mpiga solo, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Nani anakufundisha?" akamuuliza wakikunja nyaya.

"Mi mwenyewe."

"Hapana. Ile njo mukono ya mutu mukubwa. Mutu ya zamani."

Adolphe akaona ni wivu, akaanza kulala na gitaa upande wake wa kitanda.

Alasiri moja alikuwa amechoka, taya juu ya mbao, mikono imelala mapajani. Hakugusa uzi hata mmoja. Akasikia, ndani ya mfupa, sauti ya mwanamume.

*Rosalie...*

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Abee!" akaitika Rosalie huko nje. Akaja mpaka mlangoni akipangusa mikono. "Uliniita?"

"Mi sikukuita."

"Adolphe, usinicheze. Nimesikia sauti yako kabisa."

"Labda ni ya jirani."

Rosalie akamwangalia, akaangalia gitaa, akarudi kwenye kazi yake. Alivaa ndala zile za kila siku, zinazopiga visigino, pa-pa-pa. Adolphe alimsindikiza kwa macho hadi kwenye cherehani.

Ndala hazikupiga kitu.

* * *

Tangu siku hiyo Adolphe akawa mtu wa kushuku. Alimshuku Cishahayo. Alishuku chakula alicholetewa. Alimshuku hata mkewe, kwamba anamfanyia mchezo, akawa anamnyemelea ili amsikie akitembea. Gitaa aliliweka chini ya kitanda, akaapa asiliwekee taya tena. Halikumhitaji tena. Rosalie aliendelea kuitwa na kuitika, maana alilelewa kuwa mumewe akiita, mke haachi wito upite. Kila alipoitika, kitu kilipungua. Kwanza vyungu vyake vikanyamaza. Halafu cherehani: mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, nguo inashonwa, lakini ni kimya kama picha.

Jumapili moja alisimama kuimba sehemu yake ya peke yake. Akafungua mdomo.

Hakuna.

Alijaribu tena, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtiririka. Kanisa lote lilitazama chini. Walipotoka, mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mbali na Rosalie, na mwingine akanong'ona kwamba mchawi akikamatwa na Mungu huwa hivyo. Adolphe alisikia. Roho ilimuuma, na alijua ni nani aliyelileta janga hilo nyumbani kwa mikono yake miwili.

Jioni hiyo akalitoa gitaa mvunguni, akaweka taya. Akagusa uzi mnene kuliko zote.

Pa-pa-pa. Ndala. Kisha cherehani, taka-taka-taka. Kisha, mbali sana, kama mtu aliye chini ya kisima, Rosalie anaimba.

* * *

Aliporudi Area 25 alisikia kelele kabla ya kufika kwenye geti. Sufuria zinagongana. Mtu anaimba Kirundi kwa sauti kubwa. "Dada! We dada, leta chumvi!" Nahimana mwenyewe alifungua mlango, akicheka. Alipomwona Adolphe kicheko kikakatika.

"Imekamata nani?" akauliza.

"Bibi yangu, Rosalie."

"Kwetu ilikamata bwana yangu, kisha dada. Miaka miwili, kaka. Hata kukohoa alikohoa kimya."

"Nitaichoma."

"Bwana yangu alijaribu. Ilikuwa imemaliza sauti yake yote, akasema bora moto." Nahimana akashika fremu ya mlango. "Kijiti cha kiberiti kimewaka tu, tukamusikia analia mule ndani ya mbao. Na yeye amesimama pembeni yangu, mdomo umefungwa. Nikazima moto haraka, lakini akaanguka pale pale. Choma, kama unataka kumuzika."

"Sasa ninyi mulipona namna gani?"

Nahimana akachungulia barabarani. Nyuma yake dada yake alikuwa ameacha kuimba.

"We ulikuja kwa mlango yangu," akasema mwishowe, "ukasema jina yako."

Adolphe alitaka kumpiga. Akashindwa, kwa sababu tayari alikuwa anafikiria mlango wake mwenyewe.

"Ngoja," Nahimana akamwita alipokuwa ametoka getini. "Bibi yako ilimuita juu anaitika vizuri. Lakini jina ya kwanza ilisikia ni yako. Hiyo besi ingali nayo."

* * *

Habari ya besi ya bei ya kuku husafiri haraka kuliko kabaza, zile baiskeli za abiria. Juma lile lile alikuja kijana mchangamfu, kofia pembeni, jua limeshaanza kuzama. Rosalie alikuwa amekwisha elewa. Alimshika Adolphe kifundo cha mkono, akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana. Hapana.

"Ni juu yako, Rosalie," Adolphe akanong'ona. "Ni juu ya sauti yako njo nafanya hivi."

Rosalie akaendelea kutikisa kichwa.

"Hodi!" sauti ikatoka nje, imejaa furaha. "Ni mimi Gakiza! Gakiza wa Chinsapo!"

Chini ya kitanda uzi ukaanza kulia.

Adolphe alitoka, kidole mdomoni, lakini alikuwa amechelewa, na aibu iliyoje, moyo wake ulishusha pumzi. Bei akaipunguza bila kuombwa. Gakiza aliligeuza gitaa huku na huku kama mtu aliyepewa mtoto.

"Uko na mashini?" Adolphe akamuuliza.

"Bado, kaka. Nitatafuta mbele ya safari. Kwa sasa nitaweka taya tu."

Palikuwa na nafasi ya kusema neno. Palikuwa na nafasi ndefu. Adolphe alitazama miguu ya mkewe, akakaa kimya, na Gakiza akaenda zake akipiga mluzi.

Ndala za Rosalie zilianza kusikika kabla mwezi haujaisha. Halafu cherehani. Halafu sauti, ya kukwaruza kwanza, baadaye safi. Kanisa lilipiga vigelegele. Lakini Rosalie hakurudi kuimba peke yake, na nyumbani hakumwita Adolphe kwa jina. Alipomtaka alisema "we", akiangalia pembeni.

Siku moja simu ililia. Namba ya Gakiza.

"Halo? Gakiza?"

Alisikia soko la Chinsapo, wauza nyanya, mbwa, mtu anagonga bati. Aliyeshika simu hakusikika hata kupumua. Adolphe alikata, akaifuta ile namba, na usiku huo hakula.

Tangu hapo akajiwekea sheria. Akisikia jina lake, haitiki: besi ilikuwa Chinsapo, lakini jina bado ilikuwa nalo. Anafuata, anamgusa mtu bega, kisha anauliza. Watu walimcheka, wakasema besi ilipoondoka iliondoka na akili zake. Aliwaacha wacheke. Usiku alijilaza akisikiliza, na alichokitamani kuliko vyote ni kitu kidogo: Rosalie amwite kama zamani.

Jioni moja alikuwa anarudi kutoka bombani, ndoo ya maji imejaa pomoni. Taa ilikuwa inawaka ndani. Rosalie alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza.

"Adolphe!"

Ilitoka humo ndani, laini, yenye kicheko nyuma yake. Ni ile aliyomwita nayo mwaka wao wa kwanza. Amenisamehe, akawaza.

"Naam, mpenzi!"

Akaingia mbio mbio, maji yakimwagikia miguuni. Rosalie alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni, mgongo umepinda, mikono yote miwili kwenye upindo. Aligeuka taratibu, nyusi juu, akishangaa.

Midomo yake ilikuwa imejaa pini.

Adolphe akaishusha ndoo. Ilimponyoka mwishoni, chuma kizito na maji yake, ikaanguka juu ya saruji.

Haikutoa sauti.