Bati la Arobaini na Moja

Lori lilikuwa limeshatoka getini na picha arobaini zilizopakiwa tangu usiku, na sanduku la nguo la Mama Mabati juu yake, ndipo dereva alipoona kiti cha pembeni yake ni kitupu. Akarudi kwa miguu kumwita. Saa sita na robo mchana alisukuma mlango wa karakana, akamkuta kifudifudi chini ya rundo la mabati, kisogo kimepasuka.

Mwanamke huyo alihamia nchini miaka tisa iliyopita. Alikuwa akichora milima ya kwao kwenye mabati chakavu, kwa rangi za nyumba zilizobakizwa na mafundi. Siku hiyo alikuwa anarudi kwao na kazi zake zote.

"Nilimwacha mzima saa nne," mwenye ukumbi wa maonyesho, ambaye karakana ilikuwa uani kwake, alimwambia Inspekta. "Alikuwa anamalizia picha ya mwisho. Iguse, mama, bado inanata. Nikaenda mkutanoni mpaka saa sita, watu ishirini wameniona. Muulize muuza skrepa anayemletea mabati. Alikuja saa tano, majirani wamemsikia akifoka."

Muuza skrepa alikuwa ameketi juu ya ndoo, pingu mkononi.

"Nilifoka, mwanangu, sikatai. Nimemletea mlango wa friji wa kumuaga, naye hafungui."

"Alikujibu nini?"

"Hakujibu. Nikajua amenuna."

"Mzee, ukisema hivyo mahakamani unafungwa maisha."

"Basi nifundishe cha kusema. Mimi nina ukweli huo tu."

Inspekta aliamuru lori lirudi. Akazipitia picha moja moja, akikwangua ukingo wa kila mlima kwa ukucha. Chini ya kijani cha mlima, kila mara, bluu ya mbingu. Kisha akainamia ile iliyonata. Hapo bluu ilikuwa imepanda juu ya mlima, ikauzunguka mti wa kileleni kwa woga. Akakwangua. Chini yake, kijani.

Ukumbini palikuwa na mabango ya maonyesho ya miaka sita. Milima ile ile, na chini yake sura ya mwenye ukumbi, kama mchoraji.

"Kumbe na wewe ni mchoraji," alisema Inspekta. "Ukichora mlima unaanza na nini?"

"Na mlima wenyewe. Halafu najaza mbingu."

"Mama Mabati ameanza na mbingu mara arobaini. Leo alisahau?"

Mwenye ukumbi aligeukia mabango yake.

"Angefika kule aseme ni zake," alisema taratibu. "Miaka sita watu wananipa mkono wa heshima. Nilimpiga saa mbili. Bati moja lilikuwa tupu, nikalichora mwenyewe nipate ushahidi kwamba saa nne alikuwa hai."

"Na ndilo pekee lililo lako."

Mwenye ukumbi alifungwa maisha. Muuza skrepa alikuwa ameachiwa tangu jioni ya siku ile. Mlango wa friji anao mpaka leo, hauuzi. Dereva alizifikisha picha arobaini kwa dada wa marehemu, ng'ambo ya mpaka. Ya arobaini na moja ipo stoo ya vielelezo, imegeuziwa ukutani. Imeshakauka.