Mimba Isiyo na Mtoto

Ndugu zangu wa Misigiri, mwaka ule wa tisini na nne alizeti ilikubali. Winfrida alikaa uani akiipura, tumbo la miezi mitatu likionekana la sita, na mama mkwe wake, Dina, akimtania: "Ni mapacha hao, au umemeza kibuyu?" Wakacheka.

Wiki ile ile akatokwa damu. Hospitalini walimsafisha, na kilichotoka hakikuwa mtoto bali vijipovu vingi kama vichala vya zabibu.

"Hii ni mimba zabibu, dada," muuguzi alimwambia. "Kila mwezi uje tupime mkojo. Na mwaka mzima usishike mimba."

Nyumbani hakuna aliyekuja kumpa pole. Wangemlilia nani, na kaburi halikuwepo? Winfrida alilia jikoni, akisingizia moshi.

Mwezi wa tatu wa kupimwa, kipimo kikaonyesha mimba. "Tumboni hamna mtoto," muuguzi akasema. "Ni ugonjwa uliobaki, umegeuka saratani. Inapona kwa dawa, ila uende Dar es Salaam sasa."

Mumewe Gasto, muuza mitumba wa minadani, alisikia neno moja tu. "Kipimo kimesema mimba. Tangu lini mimba ikatibiwa?"

"Baba, tumboni hamna kitu," Winfrida akamwambia mumewe.

"Tulia, mwanangu," Dina akasema, akimkorogea uji. "Huyo muuguzi mwenyewe hajazaa hata mmoja."

Majirani waliomkwepa sasa wakaleta maziwa na kuku. Winfrida alikula katikati yao, mpweke kuliko siku zote. Nawauliza, nami nikiwemo: nani kati yetu alimsikiliza?

Alipokohoa damu ndipo Gasto akampeleka Dar es Salaam, kisha akarudi minadani. Kwenye kitanda cha jirani alilala Martha wa Mgori, mwenye ugonjwa ule ule, aliyewahi matibabu. Martha alipona. Winfrida alipewa dawa zile zile, lakini ugonjwa ulikwishafika kichwani.

"Ukipata wa kumtuma kwetu," alimwambia Martha alipokuja kumuaga, "waambie hakukuwa na mtoto."

Winfrida alifariki siku ya tisa tangu alazwe. Aliyemfumba macho ni mfagiaji wa wodi.

FUNZO

Mimba zabibu si laana. Hata ikigeuka saratani, wengi hupona wakiwahi. Aliyesafishwa asiache kupima mkojo hata akijisikia mzima, wala asishike mimba mpaka aruhusiwe. Kipimo kikisema mimba, msishangilie kabla ya kumsikiliza mwenye tumbo. Na mwanamke aliyekosa hata mtoto wa kuzika, naye amefiwa. Nendeni mkakae naye.